Miguu Inapolegea Ghafla: Hesabu Siku, Hesabu Pumzi

Mtu mzima, mwenye nguvu zake, anaharisha siku mbili tatu. Tumbo linatulia, anarudi shambani. Wiki moja au mbili baadaye vidole vya miguu vinaanza kumchomachoma na kufa ganzi. Kesho yake akichuchumaa chooni hainuki mpaka ashike ukuta. Keshokutwa kandambili inamvuka njiani na hana habari mpaka wanaomfuata wamwite. Siku ya tano mikono nayo imelegea, kujitwisha ndoo hawezi, na sauti inatokea puani. Hapa Nandagala, na katika vijiji vingine vya Ruangwa na Nachingwea, maelezo huwa tayari: kachoka na palizi, malaria imempanda, katupiwa jini. Kila maelezo kati ya hayo yanakula siku, na mgonjwa huyu hana siku za kupoteza.

Ugonjwa ninaouzungumzia unaitwa Guillain-Barré, hutamkwa Giyan-Bare, na hospitalini utasikia wakiufupisha GBS. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, inaigeukia mishipa ya fahamu iliyo nje ya ubongo na uti wa mgongo, ile inayokwenda kwenye misuli na ngozi, na kuishambulia kwa kasi. Jambo ninalotaka ulishike kuliko yote ni hili: ulegevu huu hupanda, na ukifika kifuani mgonjwa hushindwa kupumua. Kati ya wagonjwa 10, wawili au watatu hufikia kuhitaji mashine ya kupumulia. Wengi hufika kilele cha ulegevu ndani ya wiki 2, na karibu wote kabla ya wiki 4 kwisha. Kwa hiyo zile siku za mwanzo, wakati bado anazungumza na anajikongoja mwenyewe hadi chooni, ndizo siku za kusafiri naye.

Usidhani ni ugonjwa wa ng'ambo. Mwaka 1988 Bahemuka aliandika habari za wagonjwa 54 nchini Kenya, na mwaka 1996 William Howlett, daktari wa mishipa ya fahamu aliyefanya kazi miaka mingi Tanzania, akaandika na wenzake juu ya wagonjwa wa Kitanzania. Kwa hesabu ya dunia, GBS humpata mtu 1 hadi 2 katika kila watu 100,000 kwa mwaka. Mkoa wa Lindi ulikuwa na watu takriban milioni 1.2 kwenye sensa ya 2022. Kama kiwango cha huku ni hicho hicho, ni watu 12 hadi 24 kila mwaka katika mkoa wetu. Naamini wengi wao huzikwa au hupona bila jina la ugonjwa wao kutajwa.

Jina limetoka Ufaransa, mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza. Madaktari watatu wa jeshi, Georges Guillain, Jean Alexandre Barré na André Strohl, waliwaeleza askari wawili waliolegea viungo. Walipowatoa maji ya uti wa mgongo walikuta protini imepanda, lakini chembe nyeupe za damu hazikuongezeka. Kipimo hicho kinatumika hadi leo. Kikirudi safi katika wiki ya kwanza usihitimishe kwamba mgonjwa hana GBS, maana protini huchelewa kupanda. Daktari mzoefu haingoji maabara. Humkalisha mgonjwa ukingoni mwa kitanda, miguu ikining'inia, akamgonga chini ya goti kwa nyundo ndogo ya mpira. Mguu wenye afya huruka wenyewe. Wa mgonjwa wa GBS kwa kawaida hautikisiki.

Kuzielewa aina zake, chukua waya wa breki ya baiskeli: ndani kuna waya wenyewe, nje kuna ganda lake. Mshipa wa fahamu nao una uzi wa ndani unaobeba ujumbe, na ala ya mafuta iitwayo mayelini inayouzunguka ili ujumbe uende upesi. Katika aina inayoongoza Ulaya na Amerika Kaskazini, kinga huila ala. Mgonjwa hupata ganzi pamoja na ulegevu, mara nyingi na maumivu makali ya mgongo na mapaja, na pengine uso hulegea pande zote mbili. Ala ina uwezo wa kujitengeneza upya, kwa hiyo nafuu huhesabiwa kwa wiki na miezi.

Aina ya pili hushambulia uzi wenyewe, ule unaoamrisha misuli. Mgonjwa analegea kabisa lakini ukimgusa anasikia vizuri, na hapo ndipo jamaa huchanganyikiwa, kwa kuwa wanajua kupooza huja pamoja na ganzi. Mwaka 1991 madaktari wa China na Marekani waliieleza kwa kina kutoka vijiji vya kaskazini mwa China, ambako watoto na vijana walikuwa wakilegea kwa makundi kila majira ya joto. Hii ndiyo aina inayofuatana zaidi na kuharisha. Baadhi hupona haraka ajabu. Wengine ambao uzi umekatika husubiri uote upya, nao huota kwa takriban milimita 1 kwa siku. Pima mwenyewe kutoka kiunoni hadi wayo wa mtu mzima uone ni siku ngapi. Ipo pia aina nzito zaidi, inayokata nyuzi za misuli na za hisia kwa pamoja, na huwapata zaidi watu wazima.

Kuna nyingine haianzii miguuni. Charles Miller Fisher, daktari wa Kanada, aliieleza mwaka 1956: macho hayageuki sawasawa, mgonjwa anaona kitu kimoja kama viwili, anayumba akitembea, na goti halijibu nyundo. Nguvu za miguu anazo. Ni rahisi sana mtu kama huyo kuambiwa amelewa, akaachwa alale. Wapo pia wanaoanzia shingoni na kooni, wakashindwa kumeza kabla miguu haijaguswa. Hao ni wa kuwahi zaidi, kwa sababu njia ya hewa iko jirani.

Sasa, kwa nini kinga imgeuke mwenyewe? Karibu theluthi mbili ya wagonjwa walikuwa na ugonjwa mwingine ndani ya wiki 6 zilizotangulia, ama tumbo, ama mafua na kikohozi. Mshukiwa mkuu ni bakteria aitwaye Campylobacter, anayeishi matumboni mwa kuku bila kuwadhuru. Ganda lake lina sukari za aina inayofanana mno na zilizo juu ya mishipa yetu ya fahamu. Mwili unatengeneza kingamwili za kumuua bakteria, bakteria anakufa, kingamwili zinabaki zinazunguka, zikikutana na mshipa zinaona ni yule yule. Ndiyo maana ugonjwa huja baada ya tumbo kupona. Ndiyo maana pia haumwambukizi mtu. Lala naye chumba kimoja, mlishe, mwogeshe, hutaupata kwake. Wengi mno huharisha kwa Campylobacter na kupona bila lolote. Anayepata GBS ni kama mmoja katika 1,000.

Huku kusini tuna sababu ya kumtaja mshukiwa mwingine. Homa ya chikungunya ilielezwa kitabibu kwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 kwenye uwanda wa Makonde, jirani zetu kabisa. Miaka ya karibuni, ilipolipuka katika visiwa vya Réunion na Polinesia ya Ufaransa, baadhi ya wagonjwa walipata GBS baada ya homa. Virusi vya Zika navyo vilifanya hivyo Polinesia mwaka 2013 na 2014. Basi homa yenye maumivu makali ya viungo, ikifuatwa na miguu kulegea, isipuuzwe kwa kuwa tu kipimo cha malaria kimesoma hasi. Homa ya ini aina ya E, Uviko-19 na virusi kadhaa vya kawaida vimo pia kwenye orodha. VVU vimo, hasa siku za mwanzo za maambukizi, kwa hiyo daktari akiomba kumpima mgonjwa VVU asionekane amemtuhumu. Anatafuta chanzo.

Na chanjo? Swali hili huulizwa kwa hofu na linastahili jibu la wazi. Mwaka 1976 Marekani ilichanja watu wengi dhidi ya mafua ya nguruwe, na ikaonekana GBS imeongezeka kwa kadiri ya mtu 1 katika 100,000 waliochanjwa. Kwa chanjo za mafua za siku hizi nyongeza, pale inapoonekana, ni mtu 1 au 2 katika milioni, na kuugua mafua yenyewe kuna hatari kubwa kuliko hiyo. Hakuna katika habari hizi sababu ya kumficha mtoto siku ya kliniki.

Sasa tuje nyumbani kwako. Umemwona baba, dada au jirani miguu inalegea yote miwili na kila siku hali inapanda. Kabla hata gari halijapatikana unaweza kumpima pumzi. Mkalishe, mwambie avute pumzi moja ndefu, kisha ahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, kwa mwendo wa kawaida, bila kuvuta pumzi nyingine katikati. Mtu mzima mwenye afya hupita 20 bila taabu. Akikatikia kabla ya 15 yuko hatarini, hata kama anakuambia yuko sawa. Andika namba na saa kwenye karatasi, rudia baada ya saa mbili tatu. Namba inayoshuka ina uzito kuliko maneno yake, na karatasi hiyo mpe daktari. Kisha mlaze chali, mwambie anyanyue kichwa kutoka kwenye mto. Akishindwa, misuli ya kupumulia nayo iko mbioni kuchoka. Mpe maji kijiko kimoja akiwa amekaa. Akikohoa au yakirudi puani, usimpe tena chochote kwa mdomo, na uji usimnyweshe kwa nguvu, kwani utaingia mapafuni.

Ukifika zahanati usiseme tu "miguu inauma", maana utarudishwa na vidonge vya maumivu. Sema hivi: "Daktari, amelegea miguu yote miwili, imeanza siku ya fulani, inapanda juu, na wiki mbili zilizopita aliharisha." Maneno hayo yana kila kitu anachohitaji mganga ili aandike rufaa, na zahanati kazi yake kwa ugonjwa huu ni rufaa. Hatua inayofuata ni hospitali ya wilaya, Ruangwa au Nachingwea. Kutoka Ruangwa kuelekea Nanganga unaingia barabara kuu, na hapo kuna hospitali za misheni za Nyangao upande mmoja na Ndanda upande wa pili; mbele zaidi kuna Mtwara, na mwisho Muhimbili, Dar es Salaam. Wapi pa kwenda si suala la umaarufu wa hospitali. Muombe mganga apige simu kabla ya safari na kuuliza swali moja: leo kuna kitanda cha wagonjwa mahututi chenye mashine ya kupumulia? Mgonjwa ambaye namba zake zinashuka asipandishwe basi la Dar es Salaam usiku kucha kwa matumaini. Aende kwa gari la wagonjwa, pamoja na muuguzi na oksijeni, hadi pale palipothibitishwa pa karibu.

Kuhusu fedha nitasema kwa uwazi, kwa sababu nimeona familia zikitaka kuweka rehani mikorosho usiku ule ule. Tiba zinazofupisha ugonjwa ni mbili. Moja ni kubadilisha maji ya damu: damu inapitishwa kwenye mashine, majimaji yenye kingamwili yanatolewa, chembe zinarudishwa. Ya pili ni dripu ya kingamwili zilizokusanywa kutoka kwa maelfu ya wachangia damu, hutolewa kwa siku 5, na bei yake kwa mtu mzima ni mamilioni ya shilingi. Zote zina nguvu sawa, hivyo kumpa mgonjwa zote mbili hakumsaidii zaidi. Hufaa zaidi zikianza ndani ya wiki 2 za mwanzo, na wanaolengwa hasa ni walioshindwa kutembea wenyewe. Anayetembea na ambaye hali imesimama anaweza kuangaliwa tu kwa karibu. Basi muulize daktari waziwazi: mgonjwa wangu yuko kundi gani? Nenda pia ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali mapema, bili isikusubiri mlangoni.

Bila hata dawa hizo, uangalizi mzuri huokoa wengi. Pumzi ipimwe mara kwa mara, mapigo na presha vifuatiliwe kwa kuwa GBS huvuruga hata mishipa ya fahamu ya moyo, mkojo uangaliwe usizibe, mgonjwa ageuzwe kila saa mbili asipate vidonda. Ndugu anayelala wodini anaweza kufanya nusu ya kazi hiyo akielekezwa. Na azungumze naye. Mgonjwa wa GBS aliyelazwa kwenye mashine, hawezi kufumbua hata jicho, akili yake ni timamu na anasikia kila kinachosemwa juu yake.

Dawa za steroidi, kama prednisolone, zilijaribiwa kwa utafiti na hazikusaidia. Sindano na vidonge vya vitamini B kutoka duka la dawa haviuzuii ugonjwa huu usipande. Kinachonitia uchungu zaidi ni maji ya moto. Miguu iliyokufa ganzi inakandwa kwa kitambaa cha maji yanayochemka, mgonjwa hasikii, na ngozi inababuka. Anapoanza kupata nafuu ya mishipa, anauguza vidonda vya moto. Chale nazo zinafungua njia ya uchafu. Anayetaka kumwombea au kumsomea dua na afanye, garini wakiwa njiani.

Si kila kulegea ni GBS. Kiharusi hukamata upande mmoja. Sumu ya koboko au swila huanzia juu, kope zikashuka ndani ya saa chache. Na kwetu tunaokula muhogo kuna konzo, iliyoonekana Mtwara mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ng'ambo ya Ruvuma, huko Nampula, iliwapata watu zaidi ya 1,000 mwaka 1981 wakati wa ukame. Konzo hutokana na sumu ya sayanidi katika muhogo mchungu ulioandaliwa haraka. Miguu hukakamaa badala ya kulegea, goti hugongwa likaruka kupita kiasi, na hali haipandi siku hadi siku kufikia kifua. Ukilazimika kula unga wa muhogo mchungu, ulowanishe kwa maji, utandaze mwembamba kwenye ungo au mkeka, uache saa 2 juani au saa 5 kivulini, sumu iondoke hewani, kisha usonge ugali siku hiyo hiyo.

Mtoto chini ya miaka 15 akilegea ghafla kiungo chochote, taarifa lazima ifike kwa mhudumu wa afya, kwa sababu ya polio. Tanzania ilithibitishwa kutokuwa na polio mwaka 2015, lakini mwaka 2022 virusi vya asili viliibuka Malawi na Msumbiji, na mwaka 2023 polio itokanayo na virusi vya chanjo vilivyobadilika ilionekana Rukwa. Wahudumu watataka choo cha mtoto mara mbili, kwa nafasi ya saa 24 au zaidi, ndani ya siku 14 tangu kulegea. Wazazi wengine hukataa, wakihofia kinakwenda kufanyiwa mambo. Kinakwenda maabara kwenye boksi la baridi. Polio ikikosekana, GBS ni miongoni mwa sababu za kwanza za kufikiriwa, na mtoto atakuwa ameshafikishwa kwa daktari.

Kujikinga kabisa haiwezekani, ila kuku wana nafasi ya kufanyiwa kazi. Wengi tunawalaza jikoni, na mtoto anayetambaa anaokota kitu palepale walipolala. Wajengewe banda. Kisu na kibao kilichokatia kuku mbichi kioshwe kwa sabuni na maji ya moto kabla ya kukatia kachumbari; nyama yake iive mpaka maji yanayotoka kwenye paja yasiwe na wekundu. Maji ya kisima yachemshwe, maziwa pia. Mwaka 2025 jiji la Pune, India, lilipata wagonjwa wa GBS zaidi ya 200 kwa muda mfupi, na maji machafu yalishukiwa.

Baada ya hospitali kazi inahamia kwenu. Takriban wagonjwa 8 kati ya 10 hutembea wenyewe ifikapo mwezi wa sita, kwa hiyo aliyerudi amebebwa asihesabiwe mlemavu wa moja kwa moja. Mnyosheni na kumkunja kila kiungo asubuhi na jioni. Akilala, wayo uegemee ubao au mto mgumu usianguke mbele na kukaza. Akianza kusimama, simikeni fito mbili sambamba uani, za urefu wa kiuno, ashike na kutembea katikati yake mara chache kwa siku. Apumzike kabla hajachoka. Uchovu wa ugonjwa huu hudumu miezi, pengine miaka, hata kwa aliyepona, na mtu wa familia akimwita mvivu anamwongezea mzigo.

Kwa wagonjwa 2 hadi 5 katika 100 ugonjwa hurudi. Ulegevu ukiendelea kuongezeka zaidi ya wiki 8, mrudisheni kwa daktari, kwani huenda ni ugonjwa mwingine, ndugu ya GBS, unaodumu muda mrefu, ambao kwa huo steroidi hufaa. Karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitali iwekwe pamoja na kadi za kliniki, isipotee. Aioneshe kabla ya chanjo yoyote, na akipelekwa kupasuliwa, hata iwe ni ngiri, amwambie mtoa dawa ya usingizi kwamba aliwahi kuugua GBS, kwa kuwa ipo dawa ya kulegeza misuli inayoweza kupandisha madini ya potasiamu katika damu yake ghafla na kuusimamisha moyo.